Mashina tisa nyuma ya jiko

Ngoyi, mwanangu,

Umetoka kwenda kusukwa nywele, na ninakijua kichwa chako: utalia, utagombana na msusi, mtacheka, hamtamaliza kabla jua halijashuka. Kwa hiyo nina mchana wangu. Nimechana karatasi za katikati ya kaye yako ya zamani ya shule, zile ambazo hukuziandika. Usikasirike. Mkono wangu umezoea mwiko kuliko kalamu. Kwa masista niliachia mwaka wa nne, na tangu hapo nimeandika majina tu kwenye magunia, ili yasipotelee kwenye mashine ya kusaga. Ukikuta neno limepinda, linyooshe mwenyewe.

Sitakuandikia habari ya kuchemsha mayi ya kunywa, wala ya chandarua, wala ya wanaume. Hayo nimeyasema mpaka juzi ukanijibu, "Mama, minasikia, minasikia, hata mbuzi ya jirani imesikia." Nilicheka na wewe. Lakini kuna jambo moja sijalisema hata mara moja katika miaka hii yote, na sasa unakwenda kulala katika nyumba ambamo jambo hilo linajulikana kuliko linavyojulikana humu mwetu.

Unakwenda Mwene-Ditu, huko Kasai, kwa Mama Ngalula, jirani yetu wa zamani. Siku ilipofika barua ya binti yake, ile iliyoletwa na yule mwanamke anayeuza mahindi kwenye treni, uliruka humu ndani mpaka ukaangusha sahani. Uliisoma kwa sauti: njoo usomee kilimo huku, utalala kwetu, mama amekubali, anauliza kama bado unaogopa kuku. Ukanitazama, ukangoja nifurahi. Nikasema, "Ni vizuri," nikainama kuokota vipande vya sahani. Siku tatu uliniuliza nina nini. Nilikujibu ni tumbo.

Haikuwa tumbo. Ilikuwa haya. Na sijui kama utanipenda ukimaliza kusoma. Hicho ndicho ninachokiogopa, nakiandika hapa mwanzoni nisije nikakizunguka mpaka karatasi ziishe.

Wewe unajua kwamba yeye na watu wake walifukuzwa kama wengine. Mwaka ule watu wenye asili ya Kasai waliambiwa warudi kwao, hata waliozaliwa hapa Kolwezi, hata wale ambao babu zao waliletwa kuchimba shaba wakati babu zetu sisi bado wako kaskazini wanalima muhogo. Unajua vijana walipita nyumba kwa nyumba. Na nimekuacha uamini kwamba mama yako alisimama kando akalia. Nililia kweli. Lakini kabla ya kulia nilisema.

Ulikuwa na miaka sita, kwa hiyo acha nikuonyeshe mahali. Nyumba ile ya zamani, kwenye avenyu ya chini, unaikumbuka kidogo. Mgodi ulikuwa umeanguka. Kampuni haikutoa tena posho ya unga. Watu waliokuwa wakienda kazini na kofia ya chuma kichwani walikuwa wakikaa kwenye kizingiti kutwa nzima na kofia ile ile wameitia mchicha uote. Baba yako alikwenda Kisenge kutafuta kazi, akakaa huko mvua nzima. Nikabaki na wewe na mdogo wako, na kipande cha udongo kati ya nyumba yetu na nyumba yao.

Mama Ngalula alikuwa mwanamke wa sauti kubwa. Akicheka kwake, kuku wetu walikimbia. Aliniita "mwanetu," yaani ndugu yangu, na neno hilo hata sisi wa kaskazini tunalisikia bila kufundishwa na mtu, kwa sababu lugha zetu ni mtu na dada yake. Mdogo wako alipozaliwa na maziwa yangu yakachelewa, ni yeye aliyemnyonyesha siku mbili, pamoja na mtoto wake mwenyewe, mmoja huku, mmoja huku. Alisema, "Bangalie, nimekuwa mbuzi wa Noeli." Huyo ndiye mtu ninayekuandikia habari zake.

Alikuwa akisaidia kupika uji kwenye kituo cha watoto waliokonda. Huko walimpa kopo la maziwa limejaa mbegu za soya, akaja nalo moja kwa moja kwangu kabla hajaingia kwake. Alitandika kitenge chini akazimwaga. Akaanza kugawa kwa kiganja: "Yangu, yako. Yangu, yako."

Nikamwambia, "Usinipatie zile ndogo!"

"We mama," akasema, "minapima soya, sipime zahabu. Funga kinywa, leta sahani."

Hakuchagua. Nilikuwa nimechuchumaa mbele yake, nikaona kila kiganja. Shika hilo, Ngoyi, kwamba niliona.

Tulipanda mwezi wa kumi na mbili, yeye nyuma ya nyumba yake, mimi katika kile kipande cha katikati. Wakati huo wezi walikuwa wengi. Mume wake, Tata Ngalula, alikuwa fundi wa umeme. Alitengeneza lampi kubwa ya zamani, ya zile za kumulika uwanja, akaifunga juu ya mti wa chuma kwenye pembe ya nyumba yake, ikitazama barabara. Umeme wa bwawa la Nzilo bado ulikuwa unatufikia. Mimi nikaenda kumwomba. Nilimkuta anakula, nikasimama mlangoni.

"Tata Ngalula, mugeuze ile lampi kidogo upande wetu. Niko na batoto tu, bwana eko Kisenge."

Hakumaliza hata bukari. Alinawa, akapanda, akaigeuza. Tangu siku hiyo mwanga ulimwagika juu ya shamba langu usiku kucha, ungeweza kumwona siafu akivuka. Nikapata usingizi. Mimi ndiye niliyeiomba. Hata hilo lishike.

Soya yangu ikaota vizuri mno. Majani yalinifika kiunoni, ya kijani mpaka meusi. Watu wakipita walisema, mama huyu atavuna. Mwezi wa pili ukaingia, na kule nyuma ya nyumba ya Mama Ngalula maua yalikuwa yamekwisha kugeuka maganda. Kwangu, majani. Niliinama kila asubuhi nikafunua kila kwapa la jani. Majani juu ya majani. Mdogo wako alikuwa ameanza kuvimba miguu, na mimi nilikuwa nikilisha macho ya wapita njia.

Ndipo siku ya robine. Unajua robine ilivyo, bomba moja la mayi, foleni ya ndoo na ulimi bila kazi. Kulikuwa na mwanamke wa kona, Mama Feza, ambaye mwanawe alikuwa mmoja wa wale vijana waliokuwa wakitembea na bendera. Akaniambia mbele ya wote:

"Mama Ngoyi, ile soya yako ni ya kula ao ya kutazama?"

Wakacheka.

"Muiache," mwingine akasema, "inangojea bwana yake atoke Kisenge njo izae!"

Mwanangu, wakacheka mpaka mmoja akaweka ndoo chini. Wewe umeona wanawake wakicheka, lakini hujawahi kuwa kitu chenyewe wanachokicheka, ukiwa na njaa, na mume wako hajaleta habari. Nilisikia moto kwenye masikio. Na kinywa changu kikatafuta mahali pa kuutupa moto ule.

Nikasema, "Mumuulize Mama Ngalula. Yeye njo alinipatia mbegu. Yake inazaa, yangu inakataa. Alibakisha za kike, akanipatia za kiume."

Unajua papai, kila mtu anajua kuna papai dume, linakuwa refu na halizai. Kwa hiyo neno langu lilikuwa na miguu. Kicheko kikakatika. Nikaona nyuso zinageuka, haziko tena kwangu. Mama Feza akasema polepole, "Aaa. Kumbe uchawi yabo ilianzia mu mashamba." Na mimi, nisamehe, nilisikia raha. Kama mtu aliyetua mzigo.

Siku zile wengine waliwaita wale watu bilulu, wadudu. Mimi sikulitamka neno hilo hata mara moja, na kwa miaka nilijisifu ndani ya moyo kwa ajili yake: mimi mama mkristo, sikumwita mtu mdudu. Kumbe nilikuwa nimefanya kibaya zaidi. Mdudu hana nia. Mimi nilimpa nia.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inataka kusimama.

Siku chache baadaye nilikwenda kumwaga majivu nyuma ya jiko la nje. Nilipokuwa napanda, mwishoni zilibaki mbegu kidogo kiganjani, nikazichomeka pale nyuma, kwenye ukanda mwembamba kati ya ukuta wa jiko na ua. Nilikuwa nimezisahau. Mashina tisa. Mafupi kuliko yale ya mbele, majani ya kawaida. Nikafunua kwapa la jani la kwanza, nikaona ua. Dogo, la zambarau, kama jino la mtoto. La pili, maua. La tatu lilikuwa limekwisha kutoa maganda, yenye manyoya kama sikio la mwana-mbuzi. Yote tisa.

Nilichuchumaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kopo moja, kiganja kimoja, mvua moja. Sikujua kwa nini haya yanazaa na yale hayazai. Sikufikiri habari ya lampi. Nani angefikiri lampi? Lakini kitu kimoja nilikijua, bila mwalimu, bila kitabu: mbegu ile haikuwa dume.

Nilipaswa kukata tawi moja na kwenda nalo robine. Hiyo tu. Hatua mia mbili. Niseme, "Bamama, nilikosea, muangalie." Nikasema nitakwenda kesho. Kesho nikaenda na ndoo bila tawi. Wakanipisha mbele ya foleni. Mama Feza mwenyewe aliniinulia ndoo akaniwekea kichwani, akasema, "Pole, mama, na yale balikufanya." Hakuna aliyenicheka. Nikafikiri: nikisema sasa, watanicheka mara mbili, kwa shamba na kwa ulimi. Nikarudi na mayi yangu.

Vijana walikuja Jumapili baada ya misa. Sita au saba, mwana wa Mama Feza mbele. Walimwita Mama Ngalula kwenye mpaka wetu, na mimi pia. Bado alikuwa na kitambaa cha kanisani kichwani. Yule kijana, ambaye Mama Ngalula alimpa uji alipokuwa mdogo, akaniuliza:

"Mama, ni kweli ule mama alikupatia mbegu ya kufunga shamba yako?"

Mama Ngalula akanitazama. Hakuwa na hofu kwanza. Alikuwa na uso wa mtu anayengoja mwenzake amalize mzaha. "Mwanetu, baambie," akasema. "Ni kopo moya. Ulikuwa unaangalia mukono yangu."

Nikasema, "Mimi habari ya mbegu sijue. Muangalie mashamba, ninyi benyewe."

Nikanyoosha mkono.

Unaona, hata si uongo. Nimelipima neno hilo miaka yote, na kila mara linatoka safi, kama kisu kilichooshwa. Wakatazama. Kule maganda, huku majani. Mwenye macho aliona. Na yale mashina tisa yalikuwa hatua kumi nyuma ya mgongo wangu.

Mama Ngalula hakusema tena "mwanetu." Alisema, "Sawa, Mama Ngoyi." Tu. Akageuka kwenda kufunga vitu.

Kwa muda mrefu nilijitetea hivi: wangefukuzwa tu. Na ni kweli, kabla mvua haijaisha avenyu yetu yote ilikuwa imetolewa watu wa Kasai. Lakini sikiliza tofauti. Wengine walipewa siku mbili, tatu. Majirani waliwasaidia kufunga magodoro, wengine walilia nao, mama mmoja aliwapikia watu wa nyumba ya pili kuku wa njia. Kwa Mama Ngalula hakuna mtu aliyekanyaga. Walitoka siku ile ile, na hata aliyetaka kuwapa mayi aliogopa kugusa kikombe chao. Wengine walifukuzwa kama watu wa Kasai. Wao walifukuzwa kama wachawi, na hilo lilitoka kwangu.

Walipokwisha kuondoka nilikwenda nyuma ya jiko nikang'oa yale mashina tisa, na maganda yake, nikayatupa ndani ya choo. Mdogo wako alikuwa analia njaa. Nilitupa chakula chooni ili mtu asikione.

Kuna kitu kingine ambacho labda unakikumbuka, kwa sababu mara moja ukiwa mkubwa uliniuliza kama ni ndoto. Si ndoto. Siku ya nne nilichukua beseni la unga nikakushika mkono, tukaenda gare. Watu walikuwa wamejaa huko, wakingoja treni ambayo haikuja, wamelala chini ya plastiki, wakipika kwenye mawe mawili kando ya reli. Nilitaka kumpa unga. Nilitaka kusema. Tukamwona kabla hajatuona, ameketi na mtoto wake wa mwisho mapajani, yule aliyenyonya pamoja na mdogo wako. Wewe ukafungua kinywa kuita, "Mama Nga—" na mimi nikaziba kinywa chako kwa kiganja. Uliniuma. Nilikubeba nikarudi nyumbani na unga wote ndani ya beseni. Njiani ulisema, "Ni yeye." Nikasema, "Hapana, anafanana naye tu."

Baadaye tulisikia kwamba kitoto kile kiliharisha pale gare, kikafa kabla ya treni. Huko Mwene-Ditu utawakuta hawatimii. Sijui kama unga wangu ungefanya kitu. Najua tu kwamba ulikuwa katika beseni, na beseni lilikuwa kichwani mwangu.

Na bado sijamaliza, kwa sababu aibu yangu ina mkia. Watu walioingia katika nyumba ile waliishusha lampi siku ya kwanza, wakaiuza. Usiku ukarudi kwenye shamba langu. Baada ya majuma matatu hivi, soya yangu ikatoa maua. Yote, kama iliyoamriwa. Unajua nilifanya nini? Nilikwenda robine nikasema kwa sauti, "Munaona! Baliondoka, shamba imefunguka!" Mimi, niliyeng'oa mashina tisa kwa mikono hii. Na nililiamini, Ngoyi. Siku ile nililiamini kabisa, nililinywa kama dawa. Mvua ilikatika mapema, nikavuna maganda machache, nikakamua maziwa ya soya, ukanywa kikombe kizima ukasema tamu. Na neno langu la robine lilikwenda avenyu nyingine, likatumika huko kwa mama mwingine mwenye shamba zuri. Huyo hata jina lake silijui.

Miaka ikapita. Baba yako alirudi, akazeeka, akafa, sikumwambia. Ukaingia sekondari. Siku moja ulikuwa unajiandaa kwa mtihani, umeketi na kaye hapa hapa kwenye meza hii, mimi nachambua majani ya sombe. Ukasema:

"Mama, sikia hii. Maua haitoke juu ya mbolea tu. Jani njo linahesabu giza. Usiku ikiwa murefu ya kutosha, jani linatengeneza kitu, banaita homoni. Kile kitu kinatembea mu shina mpaka ku ncha, kinaiambia: acha majani, toa maua."

Nikauliza, ili tu nionekane nasikiliza, "Na usiku ikikosa kutosha?"

"Basi, hapana maua. Mti unaendelea na majani tu. Hata ukiwasha lampi usiku, jani linapoteza hesabu. Linazani jua haijalala."

"Ni miti yote?"

"Hapana, mama! Ingine inapenda siku ndefu. Ingine haijali, sawa nyanya. Ile ya kupenda usiku murefu ni soya. Mwalimu anasema soya ikipandwa chini ya lampi ya barabara, inabakia majani mabichi, wenzake wa mbali banakauka na maganda yabo."

Nikatoka nje. Ulicheka nyuma yangu: "Mama anakimbia homoni!" Nilisimama mbele ya ndoo ya mayi, nikayaona yote kwa mara moja, kama mtu aliyevaa miwani. Lampi. Pembe ya nyumba. Nyuma ya nyumba yao, giza. Nyuma ya ukuta wa jiko langu, giza, mashina tisa. Mbele, mwanga niliouomba kwa mdomo wangu, na yule baba aliyeacha chakula chake akapanda kuugeuza kwa ajili ya watoto wangu. Walinifanyia wema, wema ukazuia maua, nami nikauita uchawi.

Ulipokuja kuniuliza nina nini, nilisema vitunguu. Hatukuwa na vitunguu siku hiyo.

Nimefikiri sana juu ya lile jani la kaye yako. Kwamba jani lenyewe halitoi ua. Linatuma neno tu, na kazi inafanyika huko juu kwenye ncha, mbali nalo. Mimi pia sikumgusa mtu. Sikubeba bendera, sikuvunja mlango. Nilituma neno. Ninajua sasa linavyotembea.

Lakini usinifariji na mambo ya lampi. Najua moyo wako, utatafuta pa kunifichia. Utasema, mama hakujua, hakusoma. Ni kweli, lampi sikuijua. Kwa lampi simwogopi Mungu. Mashina tisa niliyajua. Mtu asiye na masomo anaweza kuhesabu mpaka tisa.

Ninachotaka uende nacho ni kidogo. Utakuwa fundi wa mimea, watu watakuletea mashamba yaliyokataa, na kila mmoja atakuja na jina la jirani mdomoni. Usiwacheke. Wamekwisha kuchekwa mahali, ndiyo maana wanakuja na jina. Muulize mama huyo kwanza kama kuna mahali kwake, hata padogo, panapozaa. Halafu nenda naye mkatazame, wewe na yeye tu, watu wasiwepo, ili akiliona ua asiwe na sababu ya kuling'oa. Mimi kama mtu mmoja angechuchumaa na mimi pale nyuma, nafikiri ningesema. Nafikiri. Siwezi kuapa.

Na habari ya Mama Ngalula. Sijui atakuambia nini. Labda hatasema kitu. Anauliza tu kama bado unaogopa kuku, na swali hilo limeninyima raha kuliko tusi lolote. Labda amekusamehe wewe kwa sababu ulikuwa mtoto. Labda anakutaka nyumbani mwake ili akutazame usoni aone kama unajua. Usimwombe msamaha kwa ajili yangu. Wewe hukusimama kwenye ule mpaka. Akikuuliza kama mama yako anamsalimia, usimpe salamu, salamu ni kitu cha watu wasio na deni la namna hii. Mwambie mama yangu anasema kopo lilikuwa moja, na aliona, na nyuma ya jiko lake ilizaa. Umwambie hivyo hivyo, mbele ya watoto wake. Akikufukuza, toka kwa heshima, usijibu. Akinyamaza, nyamaza naye.

Nilipoanza karatasi ya kwanza nilikuwa na mpango, nikuambie na huo. Nilitaka kuishona barua hii ndani ya pindo la blanketi lako, halafu nimwambie yule mama wa mahindi akuonyeshe treni ikishapita Tenke. Kwa sababu Tenke ndipo reli inagawanyika, huku Likasi kwa shangazi yako, huku Kamina na Kasai. Nilitaka uwe umekwisha kupita, usiwe na njia ya kurudi kuniangalia, na mimi nisiwe hapo ukisoma. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikamtambua mwanamke huyo anayepanga vile. Ni yule yule. Bado anatafuta mahali ambapo mtu hataona.

Hapana. Nitakupa mkononi leo, kabla ya bukari, mdogo wako akiwa bado kwenye mpira. Kwa shangazi pia unaweza kufika. Nitamtumia neno, hatauliza kwa nini. Tenke utachagua mwenyewe, ukiwa umejua, na njia yoyote utakayoshika sitasema kitu. Na kama unataka kutokwenda popote, au kwenda na usiniandikie mwaka mzima, hilo pia ni lako.

Nitaketi kwenye kiti kilicho mbele yako, mikono juu ya meza. Sitaamka kuangalia sufuria. Ukifika kwenye mstari huu, Ngoyi, inua macho, useme unachotaka kusema.

Mama yako